Ujumbe Kuhusu Pampu ya Buna

Kila siku baada ya shule, Hinda alipitia ofisini kwa mama yake mjini Garissa. Alivua viatu mlangoni, akanywa maji, kisha akaketi kwenye meza ya pembeni kufanya kazi aliyopewa na mwalimu mpaka wakati wa kwenda duksi, madrasa ya Kurani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye alikuwa Gredi ya Saba.

Mama yake, Bi Ruqiya, alisimamia shirika dogo lililopeleka maji kwa malori katika vijiji vilivyokumbwa na ukame. Wafanyakazi wake walikuwa mahali mbalimbali: Salat, dereva wa lori, alikuwa Wajir, Rahmo alikuwa Buna, wengine walikuwa Elwak. Wote walitumia programu moja ya ujumbe katika simu zao. Programu hiyo ilikuwa na vyumba, na katika chumba kilichoitwa "Maji" ndimo walimoandika habari zote za visima, matangi na malori.

Shida ilikuwa wingi wa jumbe. Wakati mmoja, ombi la kijiji kizima lilipotea katikati ya salamu na picha za ngamia, na watu wakakaa siku mbili wakisubiri lori ambalo halikutumwa. Bi Ruqiya alilia siku hiyo. Ndipo akamwita fundi wa kompyuta aliyeitwa Keynan, aiunganishe programu ile na msaidizi wa akili unde.

"Atasoma kila kinachoandikwa katika chumba cha Maji," Keynan alieleza alipomaliza kazi. "Kila asubuhi saa kumi na mbili utapata muhtasari: nani anahitaji nini, na wapi ni haraka zaidi. Nimefungua na chumba kingine, 'Majaribio'. Humo mnaweza kuandika lolote, halimfikii mtu."

Hinda alisogea karibu. "Adeer Keynan," alisema, akimwita ami kwa Kisomali, "naweza kujaribu?"

"Jaribu. Lakini humo tu."

Kwa siku kadhaa Hinda alicheza na msaidizi huyo katika chumba cha Majaribio, mama yake akiwa kando yake. Jumatatu alikuja na rafiki yake Weris. Bi Ruqiya alikuwa chumba cha pili akiswali Alasiri, na kompyuta ilikuwa wazi.

"Mama yako alisema tusiiguse akiwa hayupo," Weris alinong'ona.

"Ni dakika moja tu. Tazama." Hinda akaandika haraka: *Pampu ya Buna imeharibika. Watu hawana maji tangu jana.* Akabonyeza kutuma. Mara akaona jina la chumba juu ya kioo. Hakuwa katika Majaribio. Alikuwa katika Maji.

Aliufuta ujumbe ule upesi. Nafasi yake ikabaki tupu.

"Mwambie mama yako," Weris alisema.

"Nimwambie nini? Si nimeshaufuta? Hakuna aliyeuona."

Weris alimtazama, akachukua mkoba wake, wakaenda duksi.

Asubuhi iliyofuata, Hinda alikuwa akinywa chai kwa anjera wakati mama yake alipousoma muhtasari kwenye simu na kusimama ghafla. "Subhanallah! Pampu ya Buna imeharibika, na watu hawana maji tangu jana." Alimpigia Rahmo mara tatu. Simu haikuingia, kwa sababu huko mtandao ulikuwa ukipotea mara kwa mara. Basi akampigia Salat. "Salat, usiende Elwak. Peleka maji Buna kwanza. Wale wa Elwak wana akiba ya nusu siku."

Hinda aliisukuma sahani kando. Alijiambia kwamba Rahmo angepiga simu wakati wowote na mambo yangejirekebisha yenyewe. Akachukua mkoba, akaenda shule.

Darasani mwalimu alikuwa akifundisha sehemu na asilimia, mada aliyoipenda, lakini Hinda hakuandika hata mstari mmoja. Aliliona lori lile likizidi kwenda mahali ambapo hakuna aliyelihitaji, na upande wa pili aliona tangi la Elwak likipungua. Ilipofika saa nne, kengele ya mapumziko ilipolia, alimwendea mwalimu wake wa darasa, akamweleza yote na kuomba ruhusa. Akakimbia hadi ofisini.

"Hooyo," alimwambia mama yake akihema, "pampu ya Buna ni nzima. Mimi ndiye niliyeandika. Nilikosea chumba, kisha nikafuta."

Bi Ruqiya hakupiga kelele. Alichukua simu. Salat hakupatikana. Alijaribu tena na tena. Wakati wa swala ya Adhuhuri ndipo dereva alipofika kwenye kituo chenye mtandao, akasimama kuswali, na simu yake ikaita.

"Rudi, ndugu yangu," Bi Ruqiya alimwambia. "Tumekupoteza njia. Buna hakuna shida."

Ilimbidi Salat arudi mpaka Wajir, kisha ashike barabara ya Elwak. Aliingia huko asubuhi ya siku ya pili. Kabla hajafika, mfanyakazi wa Elwak aliandika kwamba shule ya kijiji ilikuwa imewarudisha watoto nyumbani, maana hakukuwa na maji ya kunywa. Hinda aliusoma ujumbe huo mara tatu.

Keynan aliitwa tena. Alikagua programu, akasema, "Msaidizi aliusoma ujumbe mara tu ulipotumwa. Kuufuta hakukuondoa kile alichokwisha kukiandika katika muhtasari wake." Akabadilisha mpangilio, ili kila habari ionyeshe aliyeituma na saa aliyoituma.

"Hata mimi nina kosa," Bi Ruqiya alisema. "Niliona maneno yamepangwa vizuri, nikasahau kuuliza yametoka kwa nani. Kuanzia leo, lori halitaondoka kabla hatujathibitisha na mtu aliye mahali penyewe." Akamgeukia Hinda. "Sasa keti. Waandikie wote."

Hinda aliandika kwa jina lake mwenyewe, akaeleza alichofanya na kuomba msamaha. Baada ya muda Salat alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa amechoka, lakini hakuwa na hasira. "Nimesamehe, binti yangu. Ila siku nyingine, niambie nikiwa bado Wajir."

Machozi yalimtoka Hinda. Mama yake akavuta kiti karibu naye.

"Kubonyeza mahali pasipofaa ni kosa la dakika moja, mwanangu, na kila mtu hukosea," alisema. "Kilichowanyima maji wale watoto ni ule ukimya wako wakati wa chai. Lori lilikuwa bado halijawashwa. Wazee wetu husema uongo ukishatoroka, ukweli hauufikii tena. Kwa hiyo ukikosea, sema mapema, ukweli ungali unaweza kuufikia."