Namalwa na Programu ya Bure

Kila Jumamosi Namalwa alimsaidia shangazi yake, Brigid, katika duka lake la kuchapa kadi na ratiba mjini Eldoret. Alikuwa Gredi ya Saba na, kwa maoni yake mwenyewe, hakuna jambo la kompyuta lililompita.

Asubuhi hiyo karatasi ziliisha. "Naenda kuleta zingine. Usiguse kitu!" shangazi akasema.

Kwenye kompyuta ukatokea ujumbe uleule wa kila siku: programu ya kuandikia haina leseni. Namalwa alikuwa amechoka nao. Akatafuta mtandaoni, akapata programu nyingine ya bure iliyoahidi kuuondoa. Maagizo yalisema azime kwanza kinga ya virusi. Akaizima bila kusita. Ujumbe ukatoweka, naye akajipongeza kwa kuzunguka na kiti mara mbili.

Alikuwa kwenye mzunguko wa tatu alipoingia Mzee Murunga, mwenyekiti wa kamati ya harusi.

"Msichana, ratiba zetu ziko tayari? Maarusi wanaingia kanisani kule Yamumbi saa nane."

Namalwa akaifungua ratiba. Kompyuta ikapaza sauti: "Hongera! Bonyeza hapa upate mchumba leo!"

Mzee Murunga akavua kofia. "Mchumba tuko naye tayari," akaijibu kwa heshima.

Namalwa alijaribu faili nyingine, na nyingine. Zote zilikataa kufunguka. Harusi ya watu ingeharibika kwa sababu yake!

Shangazi alirudi akamkuta anabonyeza vitufe ovyo. "Anti, stima ilipotea halafu..."

"Hongera!" kompyuta ikamkatiza.

"Ni mimi, Anti," akasema, machozi yakimtoka. "Niliweka programu ya bure."

Abdikadir, fundi wa duka la jirani, aliitwa. Akachomoa waya wa intaneti na kutikisa kichwa. "Virusi vimefunga faili hizi, haziwezi kufunguka leo. Lakini naweza kuwaazima laptopu yangu."

Hapo Mzee Murunga akatoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa mara nne, imejaa wino mwekundu. Ilikuwa nakala ambayo kamati ilikuwa imeisahihisha. Namalwa akaketi kuandika upya, mzee amemsimamia begani.

"Mjomba Wamalwa aongee kabla ya mjomba Mabonga! Hiyo tulibishania wiki tatu!"

Wajomba peke yao walikuwa kumi na wanane. Saa saba na nusu mzee aliondoka na bodaboda, amekumbatia boksi la ratiba kama mtoto mchanga.

Shangazi akavuta kiti. "Kosa lingine ni langu. Leseni nimeiahirisha tangu Januari, na Jumatatu tunainunua. Lakini niambie, hiyo programu ilikuomba nini kwanza?"

"Nizime kinga ya virusi."

"Sasa mtu usiyemjua akibisha hodi nyumbani, akuambie ufunge mbwa kwanza ndio aingie, utamfungulia?"

"Hapana, Anti."

"Kwa nini?"

Namalwa akafikiri. "Kwa sababu mbwa tulimweka kwa ajili ya mtu kama huyo."

"Basi umejifundisha mwenyewe," shangazi akasema, akimpigapiga begani. "Kitu kikikuomba uondoe ulinzi ndio kiingie, kiache hapo nje."