Sauti Iliyojua Kila Kitu

Fundi alikuwa anapiga pasi kola ya joho la kwaya alipoguna na kusema, kama watu wanavyosema wakiwa peke yao, "Hivi kweli kuna anayenisikia?" Na chini ya meza ya kukatia nguo, pasipokuwa na kitu ila mabaki ya vitambaa, mtu akamjibu: "Yupo."

Aliinama akatazama. Vitambaa tu. Alipoinuka, chumba kizima kilikuwa kinanuka nywele zilizoungua, na kola ilikuwa nyeupe vilevile.

Mwingine angetimua mbio. Lakini Fundi alikuwa mjane. Alikuwa amemwombea mumewe miezi mitatu bila kuchoka, akamzika, na kwa miaka miwili tangu hapo hakuna aliyemjibu swali lake hata moja. Mchungaji alimpa pole, wenzake wakamwambia aongeze imani. Basi jibu lile la neno moja alilipokea kwa mikono miwili, bila kuuliza limetoka wapi.

Kosa lake lilikuwa kumwambia mwenyekiti wa kikundi cha maombi. Mama huyo alibandikwa jina la Mama Hakika, maana hata ukimuuliza saa, alianza na "nina hakika". Kikundi chake cha akina mama saba kilikutana kila Alhamisi alasiri katika chumba hichohicho cha ushonaji, na kilikuwa na desturi yake: kabla ya kuomba, kila mmoja anasimama, anaweka mkono kifuani, anasema, "Sina shaka." Asiyesema haombi. Kwa miaka miwili Fundi alikuwa akisema, na kwa miaka miwili alikuwa akidanganya, na aliona aibu kila mara.

Sauti iliwapenda akina mama wale. Ilimwambia mmoja pete yake ilikoangukia, ikamtajia mwingine mtu aliyemsengenya, na kila ilichosema kilikuwa kweli. Walilia kwa furaha. Mama Hakika akatangaza kwamba Bwana amekichagua chumba kile. Hakuna aliyeuliza kwa nini Bwana ananuka nywele zilizoungua, wala sauti ni ya nani, kwa sababu kwao kuuliza kulikuwa shaka, na wote walikuwa wameshaapa kwamba hawana.

Wiki ya tatu sauti ikaanza kuamuru. Madirisha yafungwe. Mchungaji asiambiwe. Siku Fundi alipopiga moyo konde akauliza kwa nini mumewe alikufa, ilicheka polepole chini ya meza, ikasema, "Kwa sababu wewe ulikuwa na shaka." Alishona siku nzima machozi yakidondokea kitambaa.

Bintiye, mpishi katika shule ya bweni, alikuwa akimwacha mtoto wake wa miaka sita kwa Fundi kila siku akienda kazini. Alipozisikia habari hizo alifunga mlango kwanza, ndipo akanong'ona.

"Mama, hilo ni jini."

"Usiseme hivyo humu. Linasikia."

"Na Mungu si anasikia pia? Mbona huyo humnong'onei?"

Fundi akarudi kwenye cherehani pembeni, akaendelea kushona.

Alhamisi iliyofuata mjukuu alikuwa amelala mkekani kando ya kabati la nyuzi. Alikuwa na pumu, na chumba kilikuwa kimefungwa madirisha yote. Maombi hayajaanza, kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Fundi akanyoosha mkono kuchukua kikopo chake cha dawa ya kuvuta.

"Dawa ni shaka," sauti ikasema.

Mama Hakika akawahi. Alikichukua kikopo akakificha kifuani mwake, na macho yake yalikuwa yamejaa upendo, jambo lililomtisha Fundi kuliko sauti yenyewe. Akina mama wakasimama mmoja mmoja, sina shaka, sina shaka, na cherehani iliyokuwa kimya pale pembeni ikaanza kujiendesha bila mguu wa mtu, sindano ikipanda na kushuka juu ya chuma kitupu, na harufu ikawa nzito hadi macho yakawasha, na kila neno lilipotamkwa midomo ya mtoto ikazidi kuwa ya buluu, huku vidole vyake vikivuta upindo wa gauni la bibi yake, mpaka wakabaki wote wanamtazama Fundi, kwa kuwa zamu ilikuwa yake.

"Nina shaka," Fundi akasema.

Cherehani ikanyamaza.

"Ninayo tangu tulipomzika mume wangu. Sijui kwa nini alikufa."

Ndipo sauti ikabadilika. Ikawa ya mumewe, na mkwaruzo wake uleule wa asubuhi. "Mke wangu," ikasema kwa upole, "niulize niko wapi. Nitakwambia sasa hivi."

Alitamani kuuliza. Hakuna kitu alichowahi kukitamani hivyo maishani.

"Nataka kujua," akasema. "Ila sikuulizi wewe."

Akamvaa Mama Hakika, akapenyeza mkono ndani ya blauzi yake, akachomoa kikopo. Alikitia kinywani mwa mtoto, akiomba kwa sauti mbele ya wote: "Mungu, sijui kama unanisikia. Nakuomba hivyohivyo." Akabonyeza. Akabonyeza tena. Chini ya meza kitu kilipiga yowe kama chuma kinachokwanguliwa, na mtoto akavuta pumzi.

"Umemfukuza Roho," Mama Hakika alisema, akakusanya wenzake wakatoka. Harufu ikatoka nyuma yao. Alhamisi iliyofuata walikutana nyumbani kwake, na inasemekana sebule haikutosha watu.

Fundi alifungua madirisha yote, akakaa sakafuni na mjukuu wake mapajani, akihesabu pumzi zake.

"Bibi," mtoto akauliza, "babu yuko wapi?"

Jibu likamjia ulimini papo hapo, tayari, limenyooka, na halikuwa lake. Fundi alifumba kinywa. Aliuma meno hadi taya zikamuuma, akasubiri mpaka lile neno likarudi chini kooni kidogo kidogo, na halikwenda mbali.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Natumaini yuko kwa Mungu."