Karavani ya Bimdogo

Kila siku akirudi skuli, Tahani alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Akishavua sare na kula, huchukua kichupa cha mafuta ya habasoda akamkanda bibi yake magoti. Bibi huyo jina lake Bimdogo, mzaliwa wa Unguja, ingawa nyumba yao ilikuwa Ibra, mji wa Omani ambao ukichungulia dirishani unaona mitende na milima mikavu. Akishakandwa, hushika bega la mjukuu wake, wakahesabu pamoja, moja, mbili, bismillahi, ndipo akasimama.

Magoti hayo ndiyo yaliyomnyima safari. Kila msimu wa baridi ukoo mzima hupiga mahema ufukweni karibu na Ras al Hadd, siku nne za kupika na kusimuliana. Bimdogo ndiye aliyeianzisha desturi hiyo, na sasa mwaka wa pili alikuwa akibaki nyumbani. Kwenye hema hulaliwa chini, na yeye akilala chini hainuki mpaka anyanyuliwe na watu wawili. "Mimi si gunia la mchele," alisema, na neno lake likawa hilo.

Basi Marhun, baba yake Tahani, alikata shauri anunue karavani, kile chumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, chenye kitanda kilichoinuka, jiko na choo chake. Mpya hakuiweza, kwani yeye ni mwalimu. Alikuwa na riali elfu moja na mia tano alizoziweka kwa miaka mitatu, na alisema wazi kuwa akikosea kununua, hana nyingine.

Laith, binamu yake Tahani, aliposikia alicheka kwenye simu. Kwao walikuwa wamenunua hema la fahari, lenye vyumba vitatu na televisheni. "Kwa pesa hizo mtakuja na banda la kuku," alisema. "Msisahau mayai." Neno lile lilimchoma Tahani kama mwiba wa mtende. Akaapa moyoni kwamba karavani yao itang'ara.

Ijumaa ya kwanza walikwenda Sur kwa mtu aitwaye Ayoub. Njiani Marhun aligawa kazi. Yeye angekagua chuma cha chini, breki na matairi. Bimdogo angejaribu ngazi na kitanda. Tahani, kwa wembamba wake, angeingia mvunguni mwa benchi na ndani ya makabati, abonyeze kila pembe kwa kidole gumba. Karavani, baba alimweleza, haiuawi na uzee, huuawa na maji. Maji hupenya kwenye dirisha au dari, mbao zikaoza taratibu nyuma ya rangi nzuri. Ubao mzima haubonyei. Uliooza hubonyea kama mkate uliolowa.

Ayoub alimpokea Bimdogo kwa shikamoo na kumbusu mkono. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini Unguja, cha zamani, kisichosikika tena kwa vijana. Aliuliza mtaa, Bimdogo akasema Malindi, naye akasema bibi yake pia alikuwa wa Malindi. Tangu hapo Bimdogo alitabasamu tu. Karavani yenyewe nyeupe pe, mapazia ya waridi, taa ndogondogo darini mithili ya nyota, na juu ya meza chetezo kinafuka udi.

Tahani alitambaa mvunguni. Kwenye pembe ya nyuma alibonyeza, kidole kikazama. Akabonyeza tena, kikazama mpaka ukucha. Alipokitoa kilinuka uvundo, hata na udi ule wote. Lakini juu ya pembe hiyohiyo kulikuwa na kitanda kidogo kando ya dirisha, chini ya zile nyota. Akamkumbuka Laith na mayai yake.

"Vipi huko, Tahani?" baba aliuliza.

"Kukavu," akajibu.

Wakapeana mikono na Ayoub. Ilibaki Marhun arudi keshokutwa na fedha.

Gari lilipoacha mji, Bimdogo alisema kuna kitu kinamkera. "Udi kwetu hufukiziwa mgeni anapoaga, mwanangu. Ukiletewa chetezo, ndiyo ruhusa ya kuondoka hiyo. Yule katupokea nacho. Mtu wa kukaribisha kwa udi ana harufu anayoificha."

Marhun alipunguza mwendo. Akauliza kama warudi wakaangalie tena.

"La. Mtoto kaingia mvunguni, kasema kukavu. Mimi namwamini kuliko pua yangu."

Laiti angetukanwa, ingekuwa nafuu. Tahani alikificha kidole gumba ndani ya kiganja. Walipita kituo cha petroli, wakapita cha pili. Walipokaribia cha tatu alisema, "Bibi, si kukavu." Akaeleza yote, na habari ya Laith pia.

Marhun aliegesha gari kando ya barabara. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma. Aliuliza tu, "Ungemlaza bibi yako juu ya ubao uliooza?" Bimdogo alikichukua kile kidole, akakinusa, akamrudishia mwenyewe. "Haya," alisema. "Kimechelewa kusema, lakini kimesema."

Marhun alimpigia simu Ayoub. Kwanza Ayoub aliapa, kisha akacheka, akasema unyevu wa bahari huo, kila kitu Sur kina unyevu. Wakamwachia karavani yake.

Wiki tano walizunguka. Tahani alikuwa na daftari sasa, na kila pembe aliyoibonyeza aliiandika. Karavani nne zilikataliwa, mbili kwa kidole chake. Msimu ulikaribia na Bimdogo akaanza kusema labda mwaka mwingine, inshallah.

Ya tano ilikuwa Bahla, ya mama mmoja mjane aitwaye Rumaitha, asiyejua Kiswahili hata neno. Ilikuwa ya kahawia kama mitungi inayofinyangwa huko, haina pazia wala nyota. Kabla hata ya kahawa, Rumaitha aliwaonyesha kwa Kiarabu kila kasoro anayoijua: kitasa kimelegea, rafu moja imevunjika, na matairi, ambayo yanaonekana mazima, ni ya zamani mno. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi husema wiki na mwaka lilipotengenezwa, na tairi kongwe hupasuka kwa joto la barabara hata likiwa halijaisha. Kisha akampa Marhun mpira wa maji, akamwambia amwagie paa mpaka achoke.

Nusu saa maji yalimwagwa. Tahani alikuwa ndani na tochi, akibonyeza. Alipotoka, nguo zina vumbi, alisoma daftarini: "Dirisha la jikoni linadondosha tone moja kila nikihesabu ishirini. Ubao wake bado mgumu. Kwengineko kote kukavu, nimerudia mara mbili."

Rumaitha alicheka, akasema tone hilo hata yeye hakulijua, akapunguza bei kwa ajili yake. Fedha zilibaki za kutosha matairi mapya na mpira wa dirisha.

Ijumaa tatu baba na mwana walifanya kazi uani, mikono imejaa gundi. Siku ya mwisho Bimdogo aliomba kitu kimoja: Tahani achore kuku na vifaranga mlangoni. Tahani alicheka mpaka akakaa chini.

Kule ufukweni, alasiri ya siku ya pili, mvua ilishuka bila salamu. Mahema yalijaa maji, na lile la vyumba vitatu likalala upande mmoja pamoja na televisheni yake. Watoto wote walikimbilia karavani ya kahawia. Wa mwisho alikuwa Laith, amelowa chapachapa, macho hayataki kumtazama yule kuku wa mlangoni.

Bimdogo alikuwa jikoni, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. "Karibu bandani, mjukuu wangu," alisema. "Mayai tayari."

Hata Laith alicheka. Wakala wakibanana, mvua ikitwanga paa. Mtu akauliza kama maji hayaingii. Tahani alijipenyeza mvunguni, akabonyeza pembe zote nne, akatoka.

"Kukavu, bibi."

Bimdogo hakuinama kutazama. Alijinyoosha kitandani kwake, akawaambia wale watoto: "Mimi magoti yangu hunifikisha mlangoni tu. Ya mvunguni nayaona kwa huyu. Mtu anayekwambia kweli, hata ile isiyompendeza yeye mwenyewe, ni macho yako ya pili. Mtunzeni mtu huyo, na nyinyi muwe watu hao."

Kisha akafumba macho, akalala, na mvua inanyesha.