Mkeka Uliomjibu Milembe

Ndalahwa aliipiga ngoma mara saba. Kompyuta ilirekodi mapigo manane.

Aliirudia rekodi ile akiwa kibandani kwake Bariadi, anapotengenezea redio na spika, akahesabu kwa vidole. Mapigo saba yalikuwa yake. La nane lilikuja baada ya kimya kirefu, taratibu, kama mtu anayebisha kwa kiganja. Akasema ni mwangwi, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa mkeka. Kwa miaka miwili alikuwa akiunda mkeka wa mpira wenye miraba kumi na sita, na chini ya kila mraba kifaa kinachohisi uzito wa mguu. Mchezaji akikanyaga, kompyuta inatoa mlio wa ngoma. Pembeni kulikuwa na maiki: mwimbaji akiimba, mtambo unamsikiliza na kumjibu kwa midundo inayofuata pumzi yake. Mwimbaji alikuwa mkewe, Milembe, ambaye parokia nzima ilimjua kwa sauti. Kilichokosekana kabla ya tamasha la mji ni ngoma yenye mlio wa kweli.

Ngoma hiyo ilikuwa Sapiwi, kwa wakwe zake. Marehemu baba mkwe, Mzee Masunga, alikuwa mganga, na ndani ya ngoma hiyo alimfungia jini aliyekuwa akinyang'anya watu sauti. Ngoma ililazwa kifudifudi, imefungwa kamba za ngozi.

"Ipige picha, baba, kama unataka," mama mkwe, Scola, alimwambia. "Lakini kamba usifungue."

Ndalahwa aliapa. Mama Scola alipotoka kwenda kutazama ndama, akazifungua, akapiga yale mapigo saba. Milembe alimwona. Akageuza uso, akanyamaza, kwa sababu alijua jinsi mumewe alivyoutaka ule mkeka.

Jumanne mchana, jua likiunguza bati la kibanda, Ndalahwa alikuwa ameinamia waya anazolehemu aliposikia ngoma. Du. Mkeka ulikuwa umetandikwa sakafuni, hakuna aliyeukanyaga. Du, mraba wa pili. Du, wa tatu. Kukaja harufu ya ngozi mbichi, ngozi ya ng'ombe aliyechunwa asubuhi hiyo, na milio ikawa inahama mraba hadi mraba, ikienda na kurudi kama mtu mzito anayetembea huku akifikiri, ikakaribia upande aliokaa, ikafika mraba wa mwisho ulio karibu na goti lake, ikasimama hapo, na maiki, ambayo hakuwa ameiwasha, ikaanza kupumua.

Milembe alikuwa mlangoni na bakuli la chakula.

"Baba Goodness," alinong'ona, "nani anatembea?"

"Hakuna mtu."

"Naona hakuna mtu. Nimeuliza nani anatembea."

Ndalahwa akachomoa umeme.

"Tufute hizo sauti," Milembe alisema. "Twende Sapiwi kwa mayu, mama yangu, tukamwambie ukweli. Leo. Koo langu linakwaruza tangu jana."

"Ni vumbi la pamba. Tamasha ni Jumamosi, mke wangu. Siku nne tu. Baada ya hapo nitafuta kila kitu."

Milembe akaweka bakuli chini, akaondoka.

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa. Wachezaji walipanda kwenye mkeka, ngoma zikalia, watu wakapiga vigelegele. Milembe akashika maiki, akaimba ubeti wa kwanza, na mtambo ukamjibu kwa midundo kama ulivyoundwa. Katika ubeti wa pili ukamjibu kwa sauti ya mtu. Sauti ya Milembe mwenyewe. Ilimfuata nyuma kwanza, kisha ikaenda naye sambamba, kisha ikamtangulia, ikiimba maneno kabla hajayatoa mdomoni, safi, tamu kuliko alivyowahi kuimba, hadi midomo ya Milembe ikawa inachezacheza bila kutoa kitu, macho yamemtoka, mkono mmoja umeshika koo na mwingine umenyooshwa kwa mumewe, na watu, wakidhani ndio ufundi wenyewe, wakainua simu zao kurekodi na kushangilia mpaka vumbi likapanda.

Ndalahwa alikuwa na mkono kwenye swichi. Aliuacha pale mpaka wimbo ukaisha.

Jumatatu, Milembe akiwa bado hana sauti, akaletwa mganga kutoka Mwamanyili, mama mmoja mkavu wa maneno aitwaye Philomena. Alifukiza majani, akamwaga maji kwenye miraba yote, kisha akaamuru mkeka na kompyuta vichomwe nyuma ya nyumba. Moshi ulinuka ngozi. Ndani yake zilipita sauti, za wazee, za watoto, za watu waliosahaulika, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa ya Milembe. Kisha kukawa kimya.

"Jini ametoka," Philomena alisema. "Ametoka na mzigo wake wa sauti." Akamgeukia Ndalahwa. "Uliona midomo ya mkeo inacheza bila sauti?"

"Niliona."

"Mbona hukuzima?"

Ndalahwa aliinamisha kichwa. "Walikuwa wanashangilia," alisema kwa sauti ndogo.

Milembe aliyasikia hayo. Jioni ile mama Scola alikuja kumchukua pamoja na mtoto. Goodness, mwenye miaka mitatu, alikuwa amekimbilia barabarani. Mama yake alifungua mdomo kumwita, akaufunga, akapiga makofi. Mtoto hakugeuka. Ilibidi bibi yake aite.

Miezi mitano baadaye Ndalahwa alikuwa Nyalikungu, dukani, akisubiri kuuziwa betri. Simu ya mwenye duka, dada aitwaye Joyness, ikalia mezani. Mlio wake ulikuwa wimbo wa tamasha, uliorekodiwa uwanjani kwa simu, kwa sauti ya Milembe, ila ubeti ule Milembe hakuuimba siku ile. Ulitaja jina la Ndalahwa. Ulimwuliza kama amekula.

Joyness aliiacha ilie kwanza, akitikisa kichwa kwa raha.

"Kila siku unakuja na ubeti mpya," alisema. "Huyu mama ana sauti, kaka. Siku hizi anaimba wapi?"

"Haimbi," Ndalahwa alisema, akatoka bila betri.