Koti la Mvua Mwezi wa Kumi

Mama Evodia, jirani yake Ruthu pale mtaa wa Kikuyu, anadai kwamba yule kijana wa hali ya hewa aliiona mvua kwenye karatasi miezi miwili kabla haijanyesha, akakaa kimya. "Nimeambiwa na anayefagia ofisini kwao," husema, huku anachambua mchele. "Alijua kabisa. Akamwacha mama wa watu afe."

Hakukaa kimya. Alisema, na Ruthu alisikia vizuri.

Walikutana soko la Majengo, Oktoba ya mwaka tisini na saba, jua likiwaka mpaka mabati ya vibanda yanalia. Ruthu alisimama nyuma ya rundo la mitumba, gauni la maua ya bluu, khanga kiunoni, watu wakisukumana kupekua. Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi akainama.

"Dada, una koti la mvua?"

Wauzaji wote wakageuka.

"Kaka, umetoka wapi wewe?"

"Bukoba."

"Basi lifuate hukohuko! Hapa tunauza kofia."

Walicheka, hata yeye akacheka. Jina lake Batholomeo, mpima hali ya hewa pale uwanja wa ndege. Siku ya tatu Ruthu alipata koti la njano kwenye robota jipya, akalificha chini ya meza. Batholomeo alirudi kulichukua, akaendelea kurudi kila jioni, hata siku ambazo hakuwa na cha kununua. Asiporudi alipiga simu duka la pembeni, na mwenye duka, Damas, alipaza sauti soko zima: "Ruthu! Bwana Mvua huyo!"

"Leo kutakuwaje?" Ruthu alizoea kuuliza.

"Jua, mpenzi."

"Hata mimi naliona. Hilo umelisomea miaka mingapi?"

"Mitatu. Na bado nalisomea kwako."

Novemba ilipoingia, utani ulipungua. "Bahari imepata joto kupita kawaida," alimwambia. "Ramani tunazoletewa zina mawingu tangu Somalia mpaka huku kwetu. Redio itasema mvua juu ya wastani, na watu wa hapa watashangilia. Wewe usishangilie."

"Mama yuko kijijini Mlali peke yake."

"Mwandikie. Azibe paa mapema, asiache hata tundu."

Nyumba yao ilikuwa tembe, paa bapa la udongo juu ya magogo. Ruthu akaandika kwa herufi kubwa za darasa la saba: MAMA, MVUA INAKUJA KUBWA, ONGEZA UDONGO JUU YA NYUMBA. Mama akawaita vijana wa jirani. Wakapandisha ndoo kwa ndoo, wakashindilia, unene wa shubiri nzima juu ya udongo wa miaka yote.

Januari, siku ya nne ya mvua isiyokatika, magogo yakaachia.

Yotham, kaka yake Ruthu, aliingia sokoni na tope mpaka magotini. "Mama kaangukiwa na paa. Nyonga imevunjika, yuko hospitali."

Kabla ya safari Ruthu alipitia uwanja wa ndege.

"Ulisema tuzibe paa."

"Ndiyo. Kwani bati limeng'oka?"

"Bati? Nani alikuambia kwetu kuna bati?"

Batholomeo akamtazama. Miezi mitatu ya maneno matamu, na hakuwahi kumuuliza nyumba yao imeezekwa kwa kitu gani.

"Udongo," Ruthu akasema. "Tuliongeza udongo."

"Ruthu, mimi sikujua."

"Mimi nilijua. Nimezaliwa kwenye tembe, najua udongo uliolowa una uzito gani. Lakini ulisema wewe, nikaacha kufikiri."

Akaondoka bila kumpa mkono. Wiki tatu Batholomeo alipita kibandani na koti lake la njano, na Damas akamwambia lile lile: "Bado, kaka."

Jumatano alasiri, mvua ikipiga madirisha, simu ya ofisini ikalia.

"Bwana Mvua."

"Ruthu! Mpenzi, uko wapi?"

"Kongwa, posta. Nimetoka Mlali kufuata misumari ya jeneza."

"Mama?"

"Jana alfajiri."

"Nisamehe. Nakuja, hata kwa miguu nitaivuka mito. Ruthu, nataka nikuoe."

"Hayo baadaye. Sijasema sitaki." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nisikilize, watu wanasubiri simu. Kaburi limechimbwa mara mbili, mara zote limejaa maji. Walitaka kumzika leo humohumo. Nimewaambia wangoje, nina mtu wa kumuuliza."

Batholomeo akavuta ramani ya saa sita. Wingu lilianza juu ya bahari, likafunika Kongwa bila pengo, likaendelea mpaka ukingo wa karatasi.

"Nitafutie saa mbili tu za ukavu kesho. Ukinitajia, nitawaambia."

Akapitisha kidole kwenye ramani, akarudia tena.

"Batho? Uko hapo? Nitajie basi saa."