Niliipandisha Kompyuta Spidi, Nikamfukuza Wifi Yangu

"Toa mkono kwenye kompyuta yangu!"

Wifi yangu alishtuka, nusura aanguke na kiti. Flashi yake ilikuwa imechomekwa na mausi iko mkononi...

Jamani nyie, damu ilinichemka!

"Wifi, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Kumbe ni wewe unayeniharibia kazi!"

Ngojeni niwaeleze. Mimi nahariri video, hapo hapo sebuleni. Mama mkwe alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alishasema sauti haitarudi tena. Basi nikamrekodi akiongea na wajukuu zake, hata wale ambao hawajazaliwa.

Sauti yake ya mwisho, nikakabidhiwa mimi!

Haikupita muda, kompyuta ikaanza vituko. Programu inajifunga yenyewe. Faili lililofunguka asubuhi, mchana linagoma. Uso wa mama unakatika vipande vya kijani, sauti inakwaruza tu...

Nikasema virusi. Nikasafisha, hamna kitu. Nikaweka programu upya, wapi! Nikajua kuna mtu humu ndani, na mgeni alikuwa wifi peke yake.

Kwa hiyo siku hiyo sikutaka maelezo. Nikafuta kila kitu kwenye flashi yake, anaona. Kwa jeuri nikaijaza video za harusi ya mteja.

"Wifi, usifute! Hiyo ni..."

"Funga mdomo! Kusanya vitu vyako!"

Mume wangu alibaki kashika kichwa. Dada yake akaondoka analia.

Nikamwita fundi. Aliiwasha, akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, kisha akanigeukia.

"Dada, nani kaipandisha prosesa, huu ubongo wa kompyuta, spidi hivi?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mimi... baada ya kumrekodi mama. Niliona mtandaoni jinsi ya kufanya. Nilitaka kazi iishe haraka."

"Umeizidishia. Ikizidiwa inakosea hesabu kimya kimya, haikwambii. Kila ulipohifadhi, ikahifadhi makosa. Kopi nyingine unayo?"

Sina! Kadi ya kamera huwa naifuta nikishahamisha.

Nikampigia wifi.

"Ndiyo nilichotaka kukuambia," alisema taratibu. "Siku ile tuliyorekodi nilijinakilia kwenye flashi, kabla hujaichezea hiyo mashine. Nilipokusikia unalalamika, nikakaa kwenye kompyuta nikurudishie."

Mungu wangu... Ile flashi!

Ilikuwa bado imechomekwa. Fundi alihangaika nayo weee. Akakuta harusi tu, imeandikwa juu ya sauti ya mama.

Nikaenda kwa mama mkwe, alishafanyiwa upasuaji, wifi kakaa pembeni ya kitanda. Nikapiga magoti, nikasema yote. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nilijua leo nafukuzwa mbele ya watu.

Mama akachezesha midomo. Hakuna kilichotoka.

Nikamtazama wifi. "Anasema nini?"

Wifi akajifuta machozi.

"Anauliza kama umekula."

Heri angenizaba kibao, jamani! Heri angenitimua!

Kompyuta nimeishusha spidi, inafanya kazi vizuri tu. Nyie mnaosoma, mashine ikileta vituko, jiulize kwanza wewe umeigusa wapi, kabla hujamnyooshea mtu kidole. Na mtu akikuambia nisikilize, msikilize. Mimi mpaka leo nikimsalimia mama mkwe, naangalia chini.