Daftari la Maombi la Najma

Kufuli lilikuwa sakafuni, limekatwa. Kabati lilikuwa wazi. Vikombe vya chai vilikuwepo, sufuria kubwa ilikuwepo, hata spika ya nyimbo ilikuwepo. Kilichoibiwa ni daftari moja lenye jalada jekundu.

Inspekta Nahashon Githinji aliliokota kufuli kwa ncha ya kalamu, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi. Alikuwa polisi wa Kenya aliyeazimwa na kitengo cha upelelezi cha mamlaka ya kodi, ametumwa Doha wiki mbili kuwahakiki Wakenya waliodai kuwa hawaishi nyumbani. Polisi wa Doha walikuwa wamekwisha kutafuta alama za vidole kabatini, wasipate hata moja. Mahojiano ya Kiswahili walimwachia yeye.

"Mwizi gani anaacha spika?" aliuliza.

"Aliyewahi kuisikia ikiimba, afande," alijibu Kioko, katibu wa kikundi cha maombi kilichokutana katika nyumba ile ya mtaa wa Najma.

Githinji hakucheka, lakini aliandika: *mtu wa hapa hapa*.

"Daftari lina nini?"

"Kila Ijumaa mtu akiingia anaandika jina, anatia sahihi, kisha anaandika ombi lake kwa mkono wake. Tunaombea moja moja. Watu ni hamsini, sitini, wengine walinzi wa zamu. Nani alikuja, nani hakuja, sisi hatukumbuki. Daftari ndilo linalokumbuka."

"Ijumaa," Githinji alirudia.

"Umesahau, afande? Jumapili yako ya kwanza ulinipigia simu saa mbili asubuhi, umefunga tai, unauliza kanisa liko wapi. Mimi niko kazini."

"Sijasahau."

Kwenye benchi karibu na mlango aliketi Milka Jepchumba, bahasha magotini. Alikuwa muuguzi. Miaka saba alimtunza ajuza mmoja wa mtaa wa Al Sadd. Ajuza alifariki, familia ikahamia ng'ambo, na hakubaki mtu wa kumwandikia barua ya kuthibitisha kwamba alikuwa Doha. Sasa hospitali moja ya Kapsabet ilimpa kazi, kwa sharti kwamba alete cheti cha kodi kabla ya Alhamisi saa nane. Mamlaka ilikataa kukitoa. Nyumba ya Kapsabet iliandikwa kwa jina lake, na kama mwaka 2024 alikanyaga Kenya hata siku moja, angehesabiwa mkazi aliyeficha mapato.

"Ulikwenda?" Githinji aliuliza.

"Sikwenda."

"Kumbukumbu za uhamiaji?"

"Nimeomba. Wameniambia wiki sita."

"Ushahidi mwingine?"

Milka alitazama kabati. "Ulikuwa mle."

"Nani alijua unalitegemea daftari?"

"Wote. Ijumaa iliyopita niliomba waniombee. Chelsea wangu nilimwacha ana miaka miwili, afande. Sasa ana tisa. Ananiita anti kwenye simu."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi daftari lilirudi. Lililetwa na Eugene Onyango, mtu mpole mwenye sauti nzuri ya kuongoza sala. Alisema amelikuta nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka.

"Bwana asifiwe," alisema Eugene. "Nimelipangusa vumbi."

"Kwa kitambaa?"

"Kwa shati langu hili."

Githinji aliketi nalo katika ofisi ndogo aliyopewa Al Sadd. Jalada lilikuwa lile lile, limechakaa pembeni. Karatasi za ndani zilikuwa nyeupe mno. Jina la Milka lilionekana mara tisa tu mwaka mzima. La Eugene lilionekana kila wiki. Maombi yalikuwa mafupi, ya aina moja: afya, kazi, amani. Hakuna watu sitini wanaoomba hivyo.

Kisha akasoma tarehe. Saba Januari. Kumi na nne Januari. Ishirini na moja. Akafungua kalenda ya simu, akaikumbuka tai yake.

Jina la Eugene lilikuwa pia katika orodha yake ya watu wa kuhakikiwa. Akampigia simu, akamwita ofisini.

"Ndugu Eugene, mwaka 2024 ulikuwa wapi?"

"Doha. Shambani Umm Salal, nje kidogo ya mji."

"Ulikuwa ukihudhuria maombi?"

"Bila kukosa. Si daftari unalo?"

"Ninalo. Mlikuwa mkikutana siku gani?"

Eugene alitabasamu. "Ijumaa, afande. Hapa kila mtu anajua."

Githinji aligeuza daftari, akaweka kalenda kando yake.

"Soma."

Eugene alisoma tarehe ya kwanza, akatazama kalenda. Alisoma ya pili. Ya tatu hakuisoma.

"Zote ni Jumapili," alisema Githinji. "Aliyeandika hizi yuko nyumbani Kenya, ambako ibada ni Jumapili. Ulimwambia nini?"

Feni ilizunguka. Eugene alifuta uso kwa viganja.

"Nilimtumia mke wangu majina, nikamwambia aandike kila siku ya ibada. Karatasi zililetwa Jumatatu na abiria wa ndege. Sikupata muda wa kuzikagua."

"Za zamani ziko wapi?"

"Chini ya godoro langu."

"Kwa nini hukuzichoma?"

"Nilijaribu. Niliwasha kiberiti mara mbili. Mle mna maombi ya watu, afande."

Aliyasema yaliyobaki polepole. Januari 2024 aliachishwa kazi. Alirudi Nakuru kimyakimya, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akaendelea kuiandikia mamlaka kwamba anaishi Doha. Kanisani kwao mamake alikuwa akisimama kutoa shukrani kwa ajili ya mwanawe wa Doha. Hakuwa na ujasiri wa kumkalisha chini amweleze ukweli. Mwaka mmoja baadaye alipata kazi tena, akarudi Doha kana kwamba hakuondoka. Kisha barua ya ukaguzi ikafika.

"Ungekaa tu kimya," alisema Githinji. "Mle jina lako lingekosekana, basi."

"Limo. Mara ya mwisho niliandika kwa mkono wangu."

"Na Milka?"

"Sikufikiria..."

"Ulifikiria. Ijumaa iliyopita nani aliongoza sala ya cheti chake?"

Eugene aliinamisha kichwa. "Mimi," alisema. "Nilimwombea mimi."

Jioni ile alikabidhiwa kwa polisi wa Doha kwa wizi. Faili lake la kodi lilibaki kwa Githinji.

Karatasi zilitolewa chini ya godoro, zimefungwa kwa taulo safi. Githinji alitafuta Ijumaa ya tarehe mbili Februari. Mwandiko wa Eugene ulikuwa mzuri: *Niombeeni safari. Narudi nyumbani, sijui nitamwambia nini mama.*

Kisha akahesabu Ijumaa za Milka. Zilikuwa hamsini na mbili. Ombi lilikuwa moja, sahihi ikizidi kuwa ndogo kadiri mwaka ulivyosonga: *Bwana, nifikishe kwa Chelsea.*

Alipiga picha kila ukurasa, akaandika ripoti, akaituma Nairobi. Alhamisi saa sita na robo cheti kilitoka. Yeye mwenyewe alimpelekea Milka hadi Najma.

Milka alikisoma mara mbili. Kisha akaliomba lile daftari.

"Ni kielelezo cha ushahidi," alisema Githinji.

"Kesho ni Ijumaa, afande. Tutaandika wapi?"

Githinji alitafakari, akachomoa karatasi tupu kwenye jalada la faili lake, akampa. Milka aliandika tarehe juu, chini yake jina moja. Halikuwa lake. Aliandika: *Eugene*.